Kwa mnaojiandaa na usaili wa Afisa Sheria: mabadiliko ya Katiba kuhusu "hatua za makusudi", tusome maneno yenyewe

Binti wa Kemondo

Shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za jioni.

Nimekaa usaili wa mchujo mara tatu kwa nafasi ileile ya Afisa Sheria. Mara mbili nilianguka, mara ya tatu nikapita. Uzi huu ni wa mada moja tu, kwa sababu ndiyo iliyoniangusha mara ya pili, na naona vijana wengi humu wanaisoma kama nilivyokuwa naisoma mimi: viti maalum vya wanawake katika Bunge la Tanzania, moja ya zile "hatua za makusudi" za kuwainua walioachwa nyuma, na mabadiliko ya Katiba yaliyovifikisha hapa.

Nilikuwa nimekariri namba tatu. Mwaka 1992 asilimia 15, mwaka 2000 asilimia 20, mwaka 2005 asilimia 30. Swali likaja la kukokotoa: umepewa idadi ya majimbo na makundi mengine ya wabunge, tafuta idadi ya chini ya viti maalum. Nikajumlisha Bunge zima nikatafuta asilimia 30 yake. Nilipofika nyumbani nikafungua Katiba na kusoma ibara ya 66 neno kwa neno, kidole juu ya karatasi, ndipo nikaona nilipopotea.

Ibara ya 66(1)(b) inataka wabunge wanawake wa idadi isiyopungua asilimia thelathini ya wabunge waliotajwa katika aya ya (a), (c), (d), (e) na (f). Tazameni herufi. Aya ya (b) yenyewe haimo. Asilimia inatafutwa kwa wabunge wale wengine, kisha viti maalum vinaongezwa juu yao. Wale wengine wakiwa 100, viti maalum haviwi chini ya 30, na Bunge linakuwa na watu 130. Kwa hiyo 30 hao ni kama asilimia 23 tu ya Bunge. Mtu aliyeandika "Katiba inatenga asilimia 30 ya Bunge kwa wanawake" amekosea, na sentensi hiyo nimeikuta kwenye notisi nyingi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Chukueni uchaguzi wa 2005, wa kwanza baada ya asilimia 30 kuingia. Majimbo 232. Wajumbe 5 kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Mwanasheria Mkuu 1. Wa kuteuliwa na Rais 10. Jumla 248. Asilimia 30 ya 248 ni 74.4. Viti vilikuwa 75. Kwa nini 75 na si 74? Kwa sababu ya neno "isiyopungua". Ukitoa 74 umeshuka chini ya asilimia 30 na umevunja Katiba. Neno moja hilo ni kiti kimoja bungeni.

Narudi baadaye na upande wa pili wa mada, ule ambao wengi hawausomi kabisa.

Kijana wa Lindi

Ahsante sana dada. Nimeweka kambi hapa. Mimi naingia mchujo mwezi ujao.

Swali langu: mwaka 2015 viti maalum vilikuwa 113. Nimefuata hesabu yako, majimbo 264 + 5 + 1 + 10 = 280. Asilimia 30 ni 84. Hao wengine 29 wametoka wapi?

Binti wa Kemondo

Swali zuri mdogo wangu. Asilimia 30 ni sakafu, chini ya hapo hairuhusiwi kushuka. Juu yake Katiba haikuweka dari. 113 kwa 280 ni kama asilimia 40. Hata mwaka 2010 vilikuwa 102, na majimbo 239. Jumla ya wale wengine ni 255, na 102 ni asilimia 40 kamili ya hao. Kwa hiyo ukiulizwa "Katiba inasema asilimia ngapi", jibu ni isiyopungua 30. Ukiulizwa hali ilivyokuwa bungeni, hilo ni jambo jingine. Msichanganye.

Sasa ule upande wa pili.

Wengi tunaanzia ibara ya 66 na kuishia hapo. Lakini hatua za makusudi zina mzizi wake kwenye ibara ya 13, na bila ibara ya 13 huwezi kueleza kwa nini viti maalum si ubaguzi dhidi ya wanaume. Hilo swali hupenda kuja kwenye sehemu ya kujieleza.

Katiba ya 1977 ilianza bila Hati ya Haki. Iliingizwa na Mabadiliko ya Tano, Sheria Na. 15 ya 1984. Ibara ya 13 ikakataza ubaguzi, na ibara ndogo ya (5) ikaeleza neno "kubagua" lina maana gani kwa kutaja misingi yake: kabila, mahali mtu alipotokea, rangi, dini na kadhalika. Jinsia haikutajwa.

Mtu wa Kagera kama mimi hili hulisoma kwa moyo mwingine. Bibi yangu alilima kibanja cha baba yake tangu akiwa msichana, akakipalilia migomba na kahawa mpaka mgongo ukapinda, na kwa mila zetu hakuwa na ruhusa ya kukiuza. Mwanamume wa ukoo aliruhusiwa. Mwaka 1988 Holaria Pastory alikuwa amerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani kupinga, akitegemea mila iliyoandikwa. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Aliegemea Hati ya Haki na mikataba ya kimataifa ambayo nchi yetu imeridhia. Fikirieni kazi aliyoifanya jaji yule wakati ufafanuzi wa "kubagua" haukuwa na neno jinsia ndani yake.

Neno hilo liliingia mwaka 2000 kwa Mabadiliko ya Kumi na Tatu, Sheria Na. 3 ya 2000. Na mabadiliko hayohayo yakaongeza mkia kwenye ibara ya 13(5): kwamba neno "kubagua" halitafafanuliwa kwa namna itakayoizuia Serikali kuchukua "hatua za makusudi zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii".

Kwa nini viwili hivyo viliingia pamoja? Kwa usomaji wangu, kimoja kilikiita kingine. Ukishaandika kwamba kubagua kwa jinsia ni marufuku bila kuongeza kitu, kesho mwanamume anakwenda mahakamani na kusema: kuna viti zaidi ya mia bungeni ambavyo mimi siwezi kuvigombea kwa sababu ya jinsia yangu. Na hoja yake ingekuwa na miguu. Ule mkia ndio unaofunga mlango huo. Kwa hiyo ukiandika kuhusu ibara ya 66(1)(b) bila kugusa 13(5), umejenga paa bila ukuta.

Mimi hupenda maneno ya Katiba yenyewe, "hatua za makusudi". Wengine husema upendeleo maalum. Si vibaya, lakini kwenye karatasi ya mtihani wa sheria andika lugha ya Katiba. Neno "upendeleo" linamfanya msomaji aone kama kuna mtu amehongwa. "Kurekebisha matatizo katika jamii" kunakulazimisha uulize: tatizo gani, na hatua hii inalirekebisha vipi?

Mwalimu Pensheni

Mwanangu Binti wa Kemondo, marahaba. Nilifundisha Uraia miaka mingi na nafurahi kuona uzi wa namna hii.

Niongeze mitego miwili ambayo nimeona watahiniwa wakiingia.

Wa kwanza ni Katiba Inayopendekezwa. Bunge Maalum la Katiba liliipitisha Oktoba 2014, na ndani yake kuna uwakilishi sawa wa wanawake na wanaume bungeni. Kabla yake, rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilikuja na wazo la kila jimbo kuchagua wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, viti maalum viondoke. Hayo ni mawazo mazuri ya kutaja mtu akiulizwa mwelekeo wa mageuzi. Lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Inayotumika ni Katiba ya 1977 pamoja na mabadiliko yake kumi na manne. Nimesahihisha karatasi ambazo mwanafunzi ameandika "hamsini kwa hamsini" kana kwamba ni sheria iliyopo.

Wa pili ni kuchanganya Katiba na sheria za kawaida. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya wanawake 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, haimo kwenye Katiba. Imo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Vilevile sharti kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Hilo limo kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Zote ni hatua za makusudi, zote zinakingwa na ibara ya 13(5), lakini kuzibadilisha hakuhitaji theluthi mbili ya wabunge wote kama ibara ya 98 inavyotaka kwa Katiba. Ukiulizwa "taja mabadiliko ya Katiba", usitaje hizo.

Na Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, yenye asilimia 40 inayotafutwa kwa majimbo ya Baraza la Wawakilishi. Usiihamishie Dodoma.

Mzee wa Hoja

Nashukuru kwa elimu, lakini tuseme ukweli. Viti maalum vimekuwa vya kudumu. Vililetwa kama ngazi, sasa watu wamejenga nyumba juu ya ngazi. Wapo waliokaa vipindi vitatu bila kugombea jimbo. Hapo tatizo gani linarekebishwa?

Binti wa Kemondo

Kaka, hoja yako ni ya msingi na wengi wenye nia njema na wanawake wanaisema. Ibara ya 66 haikuweka mwisho wa viti hivi, wala haimkatazi mtu kurudi tena na tena. Hapo tuko pamoja.

Lakini uangalie pia Katiba inavyomtendea mbunge huyo. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimbo. Kwa hiyo mbunge wa viti maalum, hata awe hodari kiasi gani, mlango huo umefungwa kwake. Mfuko wa Jimbo nao hufuata jimbo, na yeye hana jimbo. Kisha kuingia kwake kunapitia chama kwa mujibu wa ibara ya 78, kwa hiyo anayemjua vizuri ni kamati ya chama kuliko mwananchi. Mwanamke aliyekaa vipindi vitatu amekaa mahali ambapo mfumo umempa kiti na kumnyima mizizi. Ukitaka agombee jimbo, jimboni amefahamika vipi?

Mimi bado nasimama upande wa viti maalum, kwa sababu nimeona bunge la watoto wa shule kijijini kwetu, wasichana wakisema "nitakuwa mbunge" na hakuna anayecheka. Bibi yangu asingethubutu kulisema hilo. Lakini mtahini hataki upande wangu. Anataka aone umeijua hoja zote mbili na kila moja umeifunga kwenye ibara.

Mswahili wa Voi

Hamjambo wenzetu. Niruhusuni niseme kidogo kutoka upande huu wa mpaka, kwani nimeona mitihani ya kwenu hupenda ulinganisho.

Sisi Wakenya, Katiba yetu ya 2010 ilianza kwa kanuni kubwa. Kifungu cha 27(8) na 81(b): si zaidi ya thuluthi mbili ya wanachama wa chombo cha kuchaguliwa wawe wa jinsia moja. Kanuni nzuri mno. Lakini kwa Bunge la Taifa hapakuandikwa utaratibu wa kuifikia. Kifungu cha 97 kinatoa viti 47 vya wawakilishi wa kike wa kaunti, majimbo 290 na wateule 12, jumla 349. Hesabu haikamiliki isipokuwa wapiga kura wachague wanawake wengi majimboni, jambo ambalo halijatokea.

Desemba 2012 Mahakama ya Juu ikasema kanuni itekelezwe hatua kwa hatua, sheria ipatikane kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Miswada ikaja, ikakosa kura 233 zinazohitajika kubadilisha Katiba. Mwaka 2019 hata idadi ya wabunge ukumbini haikufika. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge. Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, na Bunge likamaliza muda wake.

Sasa tazameni mabunge ya kaunti. Kifungu cha 177 kimeeleza wazi kwamba viti vya uteuzi vitaongezwa mpaka kanuni itimie. Huko inatimia. Kanuni ni ileile moja, nchi ileile. Palipoandikwa utaratibu imetembea, pasipoandikwa imekwama. Nanyi Tanzania mlianza kinyume chetu: mliandika idadi na njia ya kuzipata kabla ya kuandika kanuni.

Binti wa Kemondo

Ahsante sana ndugu yangu wa Voi, hiyo ya mwisho naiandika kwenye daftari langu. Ni kweli: 1992 idadi, 2000 kanuni.

Ningeongeza India kwa wanaosoma sheria linganishi. Mwezi Aprili 1951 Mahakama ya Juu ya India ilibatilisha mgao wa nafasi za vyuo jimboni Madras uliofuata tabaka na dini, katika shauri la Champakam Dorairajan. Miezi miwili baadaye Bunge likafanya Badiliko la Kwanza la Katiba na kuingiza ibara ya 15(4), inayoiruhusu Serikali kuweka masharti maalum kwa walioachwa nyuma. Wao waligongwa kwanza na mahakama, ndipo wakaandika kinga. Sisi tuliiandika 2000 kabla ya kugongwa. Ukiweka sentensi mbili za namna hii kwenye jibu lako kuhusu 13(5), utaeleweka kwamba unajua kinga ile ni ya nini.

Kijana wa Lindi

Dada, nieleze hapo kwenye ibara ya 78. Viti vinagawanywa vipi kwa vyama? Kwa idadi ya wabunge au kura?

Binti wa Kemondo

Kwa uwiano wa kura. Na chama lazima kiwe kimepata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za wabunge. Chini ya hapo hakipati kiti maalum hata kimoja, hata kama kimeshinda jimbo.

Rudi tena 2005. CCM ilipata viti maalum 58, CUF 11, CHADEMA 6. Jumla 75. TLP na UDP zilishinda jimbo mojamoja, lakini kwenye mgao wa viti maalum hazimo. Mtu anayefikiri mgao unafuata idadi ya majimbo atashangaa pia kuona CHADEMA ilikuwa na majimbo 5 na viti maalum 6, wakati CUF yenye majimbo 19 ilipata 11. Ushindi wa CUF ulijikusanya Zanzibar kwenye majimbo yenye wapiga kura wachache, kura za CHADEMA zilitawanyika bara. Hii ndiyo tofauti ya kuhesabu kura na kuhesabu majimbo, na kwa mfano mmoja huo utaieleza bila kukariri kitu.

Usisahau pia mabadiliko ya 2005 kwenye aya ya (e) ya ibara ya 66(1): katika wale wasiozidi 10 wanaoteuliwa na Rais, angalau 5 wawe wanawake. Maana yake ni kwamba wanaume hawawezi kuzidi 5. Watu wakitaja Mabadiliko ya Kumi na Nne hutaja asilimia 30 na kuliacha hili.

Sasa nakupa zoezi, ulifanye bila kuangalia juu. Majimbo 250. Baraza la Wawakilishi wamechagua 5. Mwanasheria Mkuu yupo. Rais ameteua wote 10. Wabunge wamemchagua Spika ambaye si mbunge. Taja idadi ya chini ya viti maalum.

Kijana wa Lindi

250 + 5 + 1 + 10 = 266. Asilimia 30 ni 79.8. Kwa kuwa haipungui, ni 80.

Binti wa Kemondo

Umenielewa kwenye "isiyopungua", hongera. Lakini umesoma herufi nne, na mimi nilitaja tano. Fungua aya ya (f).

Kijana wa Lindi

Spika. Akitoka nje ya wabunge anahesabiwa.

267. Asilimia 30 ni 80.1. Viti 81.